Kopo la Bibi, ndimu na shilingi ya 1924

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliandika hapa kabla ya mitihani, halafu nikaenda nyumbani Pemba likizo, halafu ikaja TP, na kule kwa Bibi mtandao mpaka usimame chini ya mwembe na mkono juu. Kwa hiyo msinilaumu. Leo nimerudi hosteli, mwenzangu wa chumba kalala, feni inapiga kelele, na nina jambo nimelibeba tangu likizo. Ni aibu kidogo lakini nitalisema lote, kwa sababu najua wengi wenu nyumbani kwenu kuna kopo kama hili.

Chanzo chake ni bumu. Nyie mnaoishi kwa mkopo kama mimi mnajua: likichelewa, maisha yote yanachelewa. Muhula uliopita lilichelewa, nikakopa 200,000 kwa rafiki ili nisikose mitihani. Rafiki mwenyewe anasoma hapa (ndiyo, wewe, usijifiche). Likizo ikafika sijalipa. Nikapanda boti ya Wete na deni langu kifuani kama mzigo wa nazi.

Siku ya nne nyumbani, mtoto wa mjomba wangu akanionesha ujumbe wa WhatsApp. Ulikuwa unasema hivi: tunanunua sarafu za kale za Mwingereza, zile zenye tundu na zile shilingi za simba, bei kuanzia milioni tano kwa moja. Kuna picha, kuna namba ya simu, kila kitu. Jamani, moyo ulinipasuka. Sarafu zenye tundu nimechezea utotoni! Tulikuwa tunazitia uzi tunazizungusha mpaka zinavuma. Bibi anazo, ndani ya kopo la biskuti lililoota kutu, ndani ya sanduku lake, chini ya kanga.

Bibi yangu anaishi Mtambwe, ng'ambo ya Wete. Nilimkuta barazani anasuka ukili.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba mwanangu. Chuo hakijambo?"

"Hakijambo. Bibi, nazitaka zile sarafu za zamani. Nakwenda kufundisha historia, nataka niwaoneshe wanafunzi."

Hapo ndipo nilipoanza kukosea. TP ilikuwa kweli na historia ilikuwa kweli, lakini wakati ule sikuwa na mwanafunzi hata mmoja kichwani. Nilikuwa na milioni tano, mara idadi ya sarafu.

Bibi akanitazama, akasema, "Chukua. Lakini zirudi. Za mama hizo."

Usiku nikazimwaga juu ya mkeka nikahesabu. Zilikuwa 61. Senti kumi za tundu 23, senti tano za tundu 17, senti moja 9, sumni 6, shilingi za simba 5, na pesa moja ya shaba ya Sultan Barghash, ile yenye picha ya mizani. Zote zimefanya weusi, zimekaa kama makaa. Nikaona hivi hivi haziwezi kupigwa picha. Nikachagua shilingi moja, ile iliyoonekana nzuri kuliko zote, ya mwaka 1924, nikaisugua kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua sinia la shaba siku ya mkesha wa Idi. Ikang'aa! Simba akatokea, milima nyuma yake ikatokea, na upande wa pili kichwa cha King George wa Tano. Nikapiga picha nikaituma kwa yule mnunuzi.

Jibu likaja baada ya dakika mbili. "Hongera sana, hii ni adimu." Halafu maelekezo: nichukue mchele, niusogeze karibu na sarafu, nione kama utavutwa. Nikafanya jamani. Msomi mzima wa mwaka wa tatu nimeinama juu ya mkeka na punje za mchele. Mchele ulilala pale pale. Nikamwambia haukuvutwa. Akasema si neno, mtaalamu atakuja kuipima kwa mashine, ila nitume kwanza 80,000 ya ukaguzi.

Sina 80,000. Nikaenda kwa mtoto wa mjomba kumkopa. Akainamisha kichwa. Kumbe yeye alishatuma 120,000, pesa yake ya kuchuma karafuu, kwa sababu alikuwa na senti mbili za tundu alizookota shambani. Tangu atume, mtaalamu yuko njiani tu. Mara boti limeharibika, mara kuna kibali, kibali nacho kina ada.

Bado sikutaka kuamini! Nilikuwa nataka ziwe milioni. Nikawa nazunguka na maneno mpaka nikamfikia Bibi, nikamuuliza kwa mbali mbali, kama mtu mwengine vile: Bibi, mtu akikwambia kitu chako kina thamani ya mamilioni, lakini kwanza utoe laki...

Bibi hata hakuacha kusuka. "Kama kina mamilioni, na akate laki yake humo humo. Mbona aitake kwako weye usiyekuwa nayo?"

Basi. Miaka mitatu ya chuo ilizidiwa na sentensi mbili za barazani. Nikaifuta ile namba.

Lakini udadisi ulishaniingia. Kama si milioni, ni kiasi gani? Nikaanza kusoma. Nikakaa chini ya ule mwembe siku tatu natafuta kwenye kurasa za watu wanaokusanya sarafu, nikazipeleka shilingi kwa sonara mmoja Wete anipimie, na nikaazima lenzi. Haya niliyoyapata nawaandikia hapa, msije mkafanya niliyoyafanya.

Kwanza, hizi tunazoziita "za Mwingereza" si sarafu za kule Uingereza kwenyewe. Ni za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, zilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, na shilingi yake ilianza mwaka 1921. Sisi Unguja na Pemba tulichelewa. Tulikuwa na rupia, na shilingi ikaingia tarehe 1 Januari 1936, rupia moja kwa shilingi moja na nusu. Zilipigwa kwa mamilioni, na hilo ndilo neno kubwa. Bei ya sarafu haitoki kwenye uzee wake. Inatoka kwenye uchache, na kwenye watu wangapi wanaitaka. Ile senti ya Uingereza iitwayo peni, ya mwaka 1933, ina thamani ya kutisha kwa sababu zilitengenezwa chache mno, inasemekana kama saba tu. Wakati huo huo pesa yangu ya Barghash ya mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, ni ya zamani kuipita kwa miaka 50 hivi na bei yake ni ndogo, kwa vile zilibaki nyingi.

Tena tarehe nayo inaweza kukudanganya. Wazee wanasimulia reale za Maria Theresa, vipande vikubwa vya fedha vilivyotumika sana pwani yetu karne ya 19. Zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa zaidi ya miaka mia baadaye, kwa sababu wafanyabiashara walikuwa hawaiamini yenye mwaka mwengine. Miji mingi ilizipiga, hata London. Kwa hiyo ukiiona 1780 usipige kelele.

Pili, madini. Hapa sonara alinifundisha kitu. Shilingi za simba mpaka mwaka 1946 zina fedha, lakini ni robo tu, robo tatu ni madini mengine. Kuanzia 1948 hakuna fedha kabisa, ni shaba na nikeli. Kopo la Bibi lilikuwa na ya 1924, 1942, 1944, 1948 na 1952, kwa hiyo tatu zina fedha na mbili hazina. Moja inapima kama gramu 7.8, maana yake fedha yenyewe ni chini kidogo ya gramu 2. Sonara akaniambia ukichukua shilingi sita hivi ndiyo unapata tola moja ya fedha. Mimi ninazo tatu. Nusu tola! Tulicheka wote wawili.

Mwaka 1948 una jambo jengine. Kwenye shilingi za nyuma kuna maneno ya Kilatini yaliyofupishwa, IND:IMP:, yaani mfalme huyo pia ni mtawala mkuu wa India. India ikapata uhuru 1947, na shilingi ya 1948 maneno yale hayamo. Fedha imetoka, na India imetoka. Nilikaa nimezishika mbili mkononi, ya 1944 na ya 1948, nikaona ule muhula mzima wa historia ya ukoloni niliousoma kwa vitini umekaa kwenye kiganja changu.

Tatu, vijiherufi. Chini chini, kwa lenzi, utakuta H au KN, ni viwanda vya Birmingham. I ni Bombay, na SA ni Pretoria. Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto kazi ya kupiga sarafu ilipelekwa hata huko. Shilingi yetu ya 1944 ina SA. Kwa wakusanyaji herufi hiyo inaweza kubadilisha bei, maana mwaka ule ule kiwanda kimoja kilipiga nyingi na chengine kidogo.

Nne, na hapa ndipo nilipoumia: hali. Sarafu ile ile, mwaka ule ule, ikiwa imesagika ni bei ya chai na andazi, ikiwa nzima haikuguswa inapanda mara nyingi. Na kila mahali niliposoma, kila mtu anasema neno moja: USIOSHE. Ule weusi ni ngozi yake. Ukiusugua unaondoa ngozi na unaacha mikwaruzo, na mnunuzi wa kweli anaijua mikwaruzo kama mama anavyomjua mwanawe. Ile ya 1924 ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote kwenye kopo, ndiyo maana niliichagua. Chini ya lenzi mashavu ya King George yalikuwa yamechanika kama ubao uliopigwa msasa. Majivu yangu hayo, na ndimu yangu.

Kabla ya kuoshwa ingekuwa na bei gani? Nilitazama za namna hiyo zilizouzwa kweli. (Hili nalo mlishike: bei aliyoibandika muuzaji si bei, mtu anaweza kubandika anachotaka. Tazameni iliyolipwa.) Zilikuwa dola chache. Kopo zima la Bibi, kwa mnunuzi mwema, lisingelilipa hata nusu ya deni langu.

Halafu kuna Edward. Kati ya zile senti kumi za tundu kulikuwa na mbili zilizoandikwa EDWARDVS VIII na mwaka 1936. Huyu Edward wa Nane alirithi Januari 1936 na akaacha ufalme Desemba mwaka ule ule, ili amuoe mwanamke wa Kimarekani aliyekwisha kuachika. Kule kwao Uingereza sarafu zenye sura yake hazikuwahi kutolewa kwa watu, aliondoka kabla. Lakini za kwetu za tundu hazina sura, zina jina tu, taji, na pembe za ndovu, kwa hiyo zilipigwa na zikatumika. Mfalme ambaye watu wake wenyewe hawakulipana kwa sarafu yake, jina lake lilikuwa likinunua chumvi Pemba. Na mwaka wenyewe ndio ule ule wa shilingi kuingia Pemba! Mkiona jina hilo mtadhani mmetajirika. Hapana. Zilipigwa mamilioni. Ni hadithi nzuri kwa bei ya soda.

Nikarudi Mtambwe kumkabidhi Bibi kopo lake kwa muda, maana TP ilikuwa bado wiki moja, na nilikuwa siwezi kulala nalo. Nikamwambia yote. Kwamba nilitaka kuziuza, kwamba nimeiosha moja, kwamba nimeiharibu.

"Umeifanyani?"

"Nimeisugua Bibi. Kwa ndimu na majivu."

Akaishika, akaigeuza jua likaipiga. Kimya kirefu. Halafu akasema, "Ilikuwa hivi hivi ikang'aa, mama alipokuwa akizihesabu."

Ndipo aliponihadithia, na mimi sikuwahi kumuuliza maisha yangu yote. Mama yake alikuwa akichambua karafuu za watu, usiku, kwa taa ya mafuta, kutenga karafuu na makonyo. Alikuwa akilipwa kwa senti hizi za tundu. Bibi mwenyewe mdogo alikuwa akimsaidia mpaka vidole vinanuka wiki nzima. Kila kipato, kitu kidogo kiliingia kwenye kopo. Mama yake alikuwa anataka cherehani. Halafu akaugua, akaugua sana, na hakumwambia mtu kopo liko wapi. Juni 1966 ikaja shilingi ya Tanzania, watu wakawa wanabadilisha, na baada ya miaka michache zile za zamani zikakoma kutumika. Alipofariki wakafungua sanduku wakalikuta.

"Dukani wakatwambia pesa hizi zimekufa," Bibi akasema. "Zilikuwa nzima, nzito, lakini zimekufa."

Nikapiga hesabu kichwani, tabia yangu mbaya. Ukiacha ile pesa ya Barghash, kopo lina shilingi 11 na senti 24. Hiyo ndiyo cherehani ambayo haikununuliwa.

Sasa mimi nilikuwa nimeleta nini? Nilikuwa nakwenda kuziua mara ya pili. Na ningezipeleka kwa mtu ambaye hata hazitaki, anataka 80,000 yangu tu. Sarafu kwake ni chambo.

TP ilipoanza nikaenda nazo darasani, Bibi mwenyewe alinishikilia nizichukue. "Ulisema utawaonesha watoto. Nenda kawaoneshe." Uongo wangu akanigeuzia ukawa ahadi. Kidato cha Pili, wanafunzi wengi kuliko madawati. Nikawagawia kwa vikundi, nikawaambia msome kila herufi, msinieleze mnachokijua, nielezeni mnachokiona. Kundi moja likaona India imetoweka. Msichana mmoja wa mbele akauliza, mwalimu, huyu Edward mbona hana sura? Dakika arobaini zikaisha kama tano. Mkaguzi wangu alikuwa amekaa nyuma. Aliniandikia kwamba zana zangu zilikuwa nzuri, sijui kama angeandika hivyo angejua zilivyofika pale.

Mwishoni nikawahadithia na Mtambwe Mkuu, maana watoto wengine wanatoka huko na hawajui. Mwaka 1984 wataalamu wa mambo ya kale walikuta pale zaidi ya sarafu 2,000 ndogo ndogo za fedha, zenye majina ya watawala Waislamu wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu, za karne ya 11 na nyuma yake. Mtu alizificha akakusudia kuzirudia, akazikosa, kama mama yake Bibi. (Msiende na majembe jamani! Vya ardhini vina wenyewe, ukiona kitu waambie Makumbusho na Mambo ya Kale.)

Siku nilipozirudisha tukazihesabu pamoja, 61, hakuna iliyopungua. Bibi akazitia zote koponi, ile ya 1924 akaibakisha mwisho, akanitilia mkononi.

"Hii yako. Ushaitia alama."

Ninayo hapa mezani, karibu na kompyuta. Imeanza kufifia tena, pembeni kuna weusi kidogo. Siigusi.

Mtoto wa mjomba hajarudishiwa 120,000 yake na sidhani kama atarudishiwa. Nimemwambia akaripoti polisi, anaona haya. Nami nilikuwa naona haya, ndiyo maana nimeandika. Kwa hiyo kama nyumbani kwenu kuna kopo: msioshe, msisugue, shikeni pembeni si usoni, someni mwaka na herufi, tazameni bei zilizolipwa. Anayetaka pesa kabla ya kununua si mnunuzi. Na kabla ya yote muulizeni mwenye kopo, angali hai.

Deni? Bumu limeingia jana. Rafiki yangu, njoo chumbani kesho jioni, 200,000 yako ipo, nimeshaitenga. Nawaacha hapo, saa mbili asubuhi nina semina ya saikolojia ya elimu na sijasoma hata ukurasa mmoja. Usiku mwema.